Kumbukumbu tuli na kumbukumbu dinamiki

Kumbukumbu tuli (kifupi: SRAM) na kumbukumbu dinamiki (kifupi: DRAM) ni aina mbili kuu za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data na maagizo ya programu wakati inapofanya kazi. Zote mbili hutengenezwa kwa silikoni, zote mbili huhifadhi habari kwa alama za 0 na 1, na zote mbili hupoteza yaliyomo umeme unapokatika.

Tofauti ya msingi iko katika namna ya kushika biti moja. Kumbukumbu tuli huishika biti kwa saketi ndogo ya transista zinazotegemeana, kwa kawaida transista sita. Kumbukumbu dinamiki huishika kwa chaji ya umeme iliyomo ndani ya kapasita moja, na transista moja hufanya kazi ya mlango wa kapasita hiyo.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo mama wa tofauti nyingine zote. Kapasita huvuja chaji, kwa hiyo kumbukumbu dinamiki lazima isomwe na kuandikwa upya mara nyingi kila sekunde. Kumbukumbu tuli haihitaji kazi hiyo nayo ina kasi zaidi, lakini huchukua nafasi kubwa na ni ghali. Kwa sababu hiyo karibu kila kompyuta na simu ya leo hutumia zote mbili: kumbukumbu tuli kidogo ndani ya prosesa, na kumbukumbu dinamiki nyingi nje yake.

## Maana ya majina

Neno "tuli" limetumika hapa kama katika "umeme tuli" wa somo la fizikia. Halimaanishi kwamba data inadumu milele. Linamaanisha kwamba biti ikishaandikwa hutulia ilivyo mradi umeme upo, bila kuguswa tena na yeyote. "Dinamiki" ni kinyume chake: biti haibaki salama yenyewe, bali hutunzwa kwa kazi inayoendelea wakati wote.

Jina SDRAM huwachanganya wengi, kwa sababu ndani yake mna S na D pamoja. Herufi S katika jina hilo haihusiani na utuli. Inaonyesha kwamba chipu hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya kompyuta. SDRAM ni kumbukumbu dinamiki, na aina zinazouzwa kwa majina ya DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake.

Inafaa pia kutenganisha RAM na hifadhi. Simu inapotangazwa kuwa na "GB 4 na GB 64", tarakimu ya kwanza kwa kawaida ni RAM, ambayo ni kumbukumbu dinamiki, na ya pili ni hifadhi ya picha, nyimbo na programu. Hifadhi hubaki na data hata simu ikizimwa. RAM haibaki nayo.

## Seli ya kumbukumbu tuli

Sehemu ya chipu inayoshika biti moja huitwa seli. Seli ya kumbukumbu tuli hujengwa kwa vigeuzi viwili. Kigeuzi ni saketi ndogo inayotoa kinyume cha kile inachopokea: ikipokea 1 hutoa 0, ikipokea 0 hutoa 1. Kila kigeuzi kina transista mbili.

Vigeuzi hivyo huunganishwa kwa mzunguko, kila kimoja kikipokea kile ambacho mwenzake anakitoa. Tuseme cha kwanza kinatoa 1. Cha pili kinapokea 1, hivyo kinatoa 0. Hiyo 0 inarudi kwa cha kwanza, nacho kwa kupokea 0 kinaendelea kutoa 1. Hali hiyo inajishikilia yenyewe. Ikiwa cha kwanza kinatoa 0, mambo huwa kinyume, na hali hiyo nayo hujishikilia. Hivyo saketi ina hali mbili tu za kutulia: moja huhesabiwa kuwa 0 na nyingine kuwa 1.

Transista mbili zilizobaki ni milango. Zikifunguliwa, seli huunganishwa na nyaya za nje ili isomwe au iandikwe. Zikifungwa, seli hubaki peke yake na hali yake. Jumla ni transista sita.

Seli hii yaweza kulinganishwa na swichi ya taa ya ukutani. Ikibonyezwa upande mmoja hubaki hapo mpaka mtu aibonyeze upande wa pili, na kuitazama hakuibadilishi. Vivyo hivyo kusoma seli ya kumbukumbu tuli hakuharibu kilichomo, kwa sababu vigeuzi vina umeme wao na huendelea kusukuma thamani ileile wakati wa kusomwa. Tofauti na swichi ni kwamba umeme ukikatika, vigeuzi havina cha kujishikilia nacho na biti hupotea.

## Seli ya kumbukumbu dinamiki

Seli ya kumbukumbu dinamiki ina vitu viwili tu: kapasita moja na transista moja. Kapasita ni kifaa kinachoweka chaji ya umeme. Ikiwa na chaji huhesabiwa kuwa 1, ikiwa tupu huhesabiwa kuwa 0, au kinyume chake kulingana na mpango wa mtengenezaji. Transista hufungua na kufunga njia kati ya kapasita na waya wa nje.

Kapasita hizi ni ndogo mno. Chaji iliyomo katika seli moja ya chipu ya kisasa ni ya makumi ya maelfu ya elektroni tu. Ili kupata chaji ya kutosha bila kupanua eneo la chipu, watengenezaji huzijenga kwa kwenda juu kama minara myembamba, au huzichimba kwenda chini kama mashimo marefu.

Seli ya namna hii ina matatizo mawili.

Tatizo la kwanza ni kuvuja. Hakuna transista inayofunga njia kabisa, na hakuna kihami kisichopitisha umeme hata kidogo. Chaji hupungua polepole, kama maji katika ndoo yenye tundu dogo. Ikiachwa muda mrefu, 1 itaonekana kama 0.

Tatizo la pili ni kwamba kusoma huharibu. Kabla ya kusoma, waya mrefu wa safu wima hupewa volteji ya kati, nusu ya njia kati ya 0 na 1. Kisha transista hufunguliwa, na chaji ndogo ya kapasita huchanganyika na chaji ya waya, ambao ni mkubwa kuliko kapasita mara kadhaa. Volteji ya waya hupanda au kushuka kidogo sana. Saketi maalumu ya kukuza ishara, iliyopo mwisho wa kila waya, hutambua badiliko hilo na kulivuta hadi 1 kamili au 0 kamili. Kwa kuwa kapasita imekwisha kuchanganyika na waya, thamani yake ya awali imeharibika, kwa hiyo kikuza ishara huirudishia thamani kamili kabla ya mlango kufungwa. Kila kusoma ni kusoma na kuandika upya.

Tatizo hili la pili ndilo linalotoa dawa ya lile la kwanza. Ikiwa kusoma seli huijaza upya, basi kuisoma kabla haijavuja sana kunatosha kuilinda.

## Kuhuisha

Kazi ya kusoma na kujaza upya seli zote kwa zamu huitwa kuhuisha. Seli hupangwa kwa safu mlalo na safu wima kama miraba ya daftari la hesabu. Safu mlalo moja ikifunguliwa, seli zake zote, ambazo ni maelfu, husomwa na kujazwa kwa pamoja. Kwa hiyo hakuna haja ya kupita seli moja moja.

Katika viwango vya DDR4 kila seli inapaswa kuhuishwa angalau mara moja katika milisekunde 64 wakati joto la chipu halizidi nyuzi 85 za selsiasi. Katika muda huo kidhibiti cha kumbukumbu hutoa amri 8,192 za kuhuisha, yaani wastani wa amri moja kila mikrosekunde 7.8. Joto likizidi nyuzi 85, muda hupunguzwa kuwa milisekunde 32, kwa sababu joto huongeza uvujaji. Katika DDR5 milisekunde 32 ndio muda wa kawaida.

Seli nyingi zinaweza kushika chaji kwa muda mrefu kuliko huo. Kipimo kimewekwa kwa ajili ya seli dhaifu, kwa maana katika chipu yenye mabilioni ya seli hazikosekani chache zinazovuja haraka kuliko wenzake, na kosa la biti moja laweza kuharibu hesabu nzima.

Kuhuisha kuna gharama. Wakati sehemu ya chipu inahuishwa haiwezi kujibu maombi ya prosesa, na kazi yenyewe hula umeme hata kama kompyuta haifanyi lolote. Kumbukumbu tuli haina gharama hizi.

## Kasi

Prosesa ikihitaji data iliyomo katika kashe yake ya kwanza, ambayo ni kumbukumbu tuli, huipata kwa muda wa takriban nanosekunde moja. Ikiihitaji kutoka kumbukumbu dinamiki, kwa kawaida husubiri nanosekunde 50 hadi 100. Kwa prosesa ya gigahezi 3, pigo moja la saa ni theluthi moja ya nanosekunde. Kusubiri nanosekunde 80 ni sawa na kupoteza mapigo 240, ambayo yangetosha kufanya mamia ya hesabu.

Sababu za tofauti hiyo ni zaidi ya moja:

- Seli tuli husukuma ishara kwa umeme wake yenyewe. Seli dinamiki hutoa chaji ndogo ambayo lazima isubiri kukuzwa.
- Katika kumbukumbu dinamiki, safu mlalo nzima hufunguliwa kwanza, kisha ndipo safu wima inayotakiwa huchaguliwa. Ikiwa safu nyingine ilikuwa wazi, lazima ifungwe na nyaya zirudishwe kwenye volteji ya kati.
- Kashe imo ndani ya prosesa. Kumbukumbu dinamiki iko katika chipu nyingine, na ishara husafiri kupitia bodi mama.
- Kashe ni ndogo. Kumbukumbu tuli nayo ikifanywa kubwa hupungua kasi, kwa kuwa nyaya zake hurefuka.

Kashe hufaulu kwa sababu programu nyingi zina mazoea. Data iliyotumika sasa hivi hutumika tena punde, na data iliyo jirani yake hutumika baadaye kidogo. Kwa hiyo prosesa inapokwenda kwenye kumbukumbu dinamiki haichukui baiti moja tu, bali huchukua fungu, ambalo katika prosesa nyingi ni la baiti 64, na kuliweka katika kashe.

Jambo hili lina matokeo kwa mwandishi wa programu. Jedwali kubwa la namba likihifadhiwa safu mlalo baada ya safu mlalo, kulijumlisha kwa mpangilio huohuo hutumia kila fungu lililoletwa. Kulijumlisha kwa kwenda safu wima baada ya safu wima hulazimisha fungu jipya karibu kila hatua. Hesabu ni zilezile na jibu ni lilelile, lakini programu ya pili yaweza kuwa ya polepole mara kadhaa.

## Ukubwa na bei

Faida kubwa ya kumbukumbu dinamiki huonekana kwa hesabu rahisi. Gigabaiti 8 za kumbukumbu ni biti 68,719,476,736. Kwa kumbukumbu dinamiki zinahitajika transista bilioni 68.7 na kapasita idadi hiyohiyo. Kwa kumbukumbu tuli zingehitajika transista zaidi ya bilioni 412 kwa seli peke yake. Kwa kuwa bei ya chipu hufuata eneo lake la silikoni, kompyuta ya kawaida yenye RAM yote ya aina tuli isingenunulika na watu wengi.

Aina hizi mbili hutofautiana pia katika utengenezaji. Seli tuli hutumia transista zilezile za prosesa, hivyo huchongwa katika silikoni moja na prosesa. Kapasita za kumbukumbu dinamiki huhitaji hatua maalumu za kiwandani, ndiyo maana kwa kawaida hutengenezwa katika viwanda vyake. Kampuni tatu, yaani Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, hutengeneza sehemu kubwa ya kumbukumbu dinamiki duniani.

Katika miaka ya 2020 kumbukumbu tuli imekuwa ngumu kupunguzwa ukubwa. Kampuni ya TSMC ya Taiwan ilipohama kutoka teknolojia yake ya nanomita 5 kwenda toleo la N3E la nanomita 3, seli tuli ilibaki na eneo lilelile la mikromita mraba 0.021, ingawa saketi nyingine zilipungua. Njia mojawapo ya kukabili hali hiyo ni kupanga kashe ghorofa. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka mwaka 2022, ina kashe ya tatu ya megabaiti 96, na 64 kati ya hizo zimo katika kipande cha silikoni kilichowekwa juu ya kingine.

## Matumizi ya umeme

Haitoshi kusema kwamba aina moja hula umeme kidogo kuliko nyingine. Kumbukumbu tuli iliyoundwa kwa utulivu badala ya kasi hutumia umeme kidogo mno inapokaa bila kazi, kiasi cha kuweza kuendeshwa kwa betri ndogo kwa miaka. Kumbukumbu tuli ya kashe, iliyoundwa kwa kasi, ina transista zinazovuja zaidi, na ikiwa kubwa hula umeme mwingi hata ikiwa kimya.

Kumbukumbu dinamiki hula umeme wa kuhuisha wakati wote. Kompyuta mpakato ikifunikwa na kuingia katika hali ya usingizi, prosesa huzimwa lakini kumbukumbu dinamiki hujihuisha yenyewe kwa umeme wa betri. Betri ikiisha kabisa, kazi ambayo haijahifadhiwa katika diski hupotea.

## Mahali zinapotumika

Kumbukumbu tuli hutumika katika:

- kashe na rejista za prosesa;
- vidhibiti vidogo vilivyomo katika mashine za kufulia, mita na vifaa vya wanafunzi wa elektroniki. Bodi ya Arduino Uno, kwa mfano, ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu tuli, na ESP32 ina kilobaiti 520;
- vifaa vya mitandao vinavyohitaji kutafuta anwani kwa haraka;
- kumbukumbu ndogo zinazolindwa na betri. IBM PC/AT ya mwaka 1984 iliweka saa na mipangilio yake katika chipu yenye baiti 64 iliyoendeshwa na betri. Mpaka leo kompyuta ya mezani yenye betri ya bodi mama iliyokufa huwashwa ikiwa na tarehe ya zamani.

Kumbukumbu dinamiki hutumika kama RAM kuu ya kompyuta, simu, seva na televisheni janja, na pia kama kumbukumbu ya kadi za picha.

Zipo aina za katikati. Kumbukumbu iitwayo "tuli bandia" ni dinamiki kwa ndani, lakini hujihuisha yenyewe ili kwa nje ionekane kama tuli. IBM nayo iliweka kumbukumbu dinamiki ndani ya prosesa: POWER7 ya mwaka 2010 ilikuwa na megabaiti 32 za namna hiyo kama kashe ya tatu.

## Historia

Wazo la kushika habari kwa chaji inayovuja na kuijaza mara kwa mara ni la zamani kuliko chipu. John Atanasoff na Clifford Berry, waliojenga mashine ya kuhesabu katika chuo cha Iowa State, Marekani, kati ya 1939 na 1942, walitumia ngoma zinazozunguka zenye kapasita, zilizojazwa upya kila mzunguko. Huko Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn waliweka biti kama madoa ya chaji kwenye kioo cha bomba linalofanana na la televisheni. Madoa hayo nayo yalififia na kuandikwa upya. Kompyuta yao ya majaribio iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948.

Baadaye pete ndogo za sumaku zilizofumwa kwa nyaya zikawa kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, hadi miaka ya 1970. Zilihifadhi data hata bila umeme, lakini zilikuwa kubwa na ghali.

Kumbukumbu tuli za silikoni zilianza katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 kampuni changa ya Intel ilitoa bidhaa yake ya kwanza, chipu ya 3101, iliyokuwa kumbukumbu tuli ya biti 64.

Seli dinamiki ya transista moja ni kazi ya Robert Dennard (1932–2024), mhandisi wa IBM. Mwaka 1966 kundi lake lilikuwa linajaribu kumbukumbu yenye transista sita kwa kila biti. Baada ya kusikiliza wenzake wakieleza kumbukumbu ya sumaku iliyokuwa sahili zaidi, alijiuliza kama biti haiwezi kushikwa kwa kifaa kimoja tu. Hataza yake ilitolewa tarehe 4 Juni 1968.

Chipu ya kumbukumbu dinamiki iliyoleta mageuzi sokoni ilikuwa Intel 1103 ya Oktoba 1970. Ilikuwa na biti 1,024 na bado ilitumia transista tatu kwa kila seli. Ndiyo iliyoanza kuziondoa pete za sumaku. Mwaka 1973 kampuni ya Mostek ilitoa chipu ya biti 4,096 iliyopokea anwani ya safu mlalo na ya safu wima kupitia miguu ileile kwa zamu, hivyo chipu ikawa ndogo. Mtindo huo uliendelea kutumika.

Katika kompyuta za nyumbani uchaguzi kati ya aina hizi ulikuwa jambo la kila mbunifu. Prosesa ya Z80 ya kampuni ya Zilog, iliyotoka mwaka 1976, ilikuwa na rejista maalumu ya kuhesabu safu za kuhuisha, ili wabunifu waweze kutumia kumbukumbu dinamiki bila saketi nyingi za nyongeza. Kompyuta ya ZX81 ya mwaka 1981, yenye prosesa ya aina hiyo, iliuzwa na kilobaiti 1 ya kumbukumbu tuli.

## Makosa na usalama

Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Intel Timothy May na Murray Woods walionyesha kwamba chembe za alfa, zilizotoka katika mabaki ya vitu nururifu ndani ya maganda ya chipu, zilitosha kugeuza biti ya kumbukumbu dinamiki. Chipu haikuharibika, ni biti tu iliyobadilika. Chembe za miali kutoka angani huweza kufanya vivyo hivyo, hata katika kumbukumbu tuli. Kwa hiyo seva hutumia RAM yenye biti za ziada za kugundua na kusahihisha makosa, na kashe nyingi hulindwa kwa njia kama hiyo.

Kwa kuwa chaji haitoweki mara moja, kumbukumbu dinamiki huendelea kushika data kwa muda mfupi baada ya umeme kukatwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walipooza chipu hadi takriban nyuzi 50 chini ya sifuri kwa makopo ya hewa iliyogandamizwa, na sehemu kubwa sana ya data ilibaki kwa dakika kadhaa, pamoja na funguo za kufungulia diski zilizofichwa kwa siri. Maana yake ni kwamba kompyuta mpakato iliyoibwa ikiwa katika hali ya usingizi haina ulinzi sawa na iliyozimwa kabisa.

Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiwemo Yoongu Kim na Onur Mutlu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza tatizo linalojulikana kama Rowhammer. Safu moja ikifunguliwa na kufungwa mara nyingi mno kabla ya kuhuishwa, safu za jirani hupoteza chaji na biti zake hugeuka. Kati ya vipande 129 vya RAM walivyovipima, 110 vilikuwa na kasoro hiyo. Mwaka uliofuata wataalamu wa Google walionyesha kwamba programu ya kawaida inaweza kuutumia udhaifu huo kujitwalia mamlaka juu ya kompyuta nzima. Tatizo hili linatokana na seli kuwa ndogo na kusongamana, yaani jambo lilelile linaloifanya kumbukumbu dinamiki iwe rahisi kwa bei.

## Muhtasari wa tofauti

| Jambo | Kumbukumbu tuli | Kumbukumbu dinamiki |
|---|---|---|
| Seli | Kwa kawaida transista 6 | Transista 1 na kapasita 1 |
| Biti inashikwa na | Vigeuzi viwili vinavyotegemeana | Chaji ndani ya kapasita |
| Kuhuisha | Hakuhitajiki | Kila milisekunde 64 au 32 |
| Kusoma | Hakuharibu data | Huharibu, lazima iandikwe upya |
| Muda wa kupata data | Takriban nanosekunde 1 katika kashe ya kwanza | Takriban nanosekunde 50 hadi 100 |
| Nafasi kwa biti | Kubwa | Ndogo |
| Bei kwa biti | Juu | Chini |
| Umeme ukikatika | Data hupotea | Data hupotea |
| Matumizi makuu | Kashe, rejista, vidhibiti vidogo | RAM kuu |

## Dhana potofu

*"Kumbukumbu tuli haipotezi data."* Hupoteza umeme unapokatika, isipokuwa ikiwa na betri yake. Kumbukumbu zinazobaki na data bila umeme ni za aina nyingine, kama zile za flashi na diski.

*"Kumbukumbu dinamiki ni teknolojia ya zamani iliyoshindwa na tuli."* Seli tuli za silikoni zilitangulia. Seli dinamiki ya transista moja ilibuniwa baadaye, kwa kusudi la kupunguza idadi ya transista.

*"Kompyuta yenye kumbukumbu tuli pekee ingekuwa bora kwa kila namna."* Ingekuwa na kumbukumbu chache kwa bei ileile. Programu zikikosa nafasi katika RAM, kompyuta hulazimika kutumia diski, ambayo ni ya polepole kuliko kumbukumbu dinamiki kwa mbali sana. Kumbukumbu nyingi yenye kasi ya wastani, ikisaidiwa na kashe ndogo yenye kasi kubwa, kwa kazi nyingi huipita kumbukumbu chache yenye kasi kubwa peke yake.

## Tazama pia

- Kompyuta
- Prosesa
- Transista
- Kapasita
- Diski kuu